Ubinafsishaji wa Shirika la Ndege la Tanzania na Suala la Safari za Mikoani

Utangulizi

Mjadala wa kisiasa kuhusu shirika la ndege la taifa nchini Tanzania umeendeshwa kwa zaidi ya miongo miwili kama mjadala wa umiliki. Swali lililotawala bungeni, magazetini na kwenye majukwaa ya kampeni ni nani awe na hisa: Serikali peke yake, Serikali pamoja na mbia wa nje, au watu binafsi. Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, limefunika swali jingine lililo karibu zaidi na maisha ya abiria wa Kigoma, Mpanda, Bukoba au Songea, nalo ni hili: gharama ya kuhudumia njia isiyojilipa inabebwa na nani, na wajibu huo umeandikwa wapi?

Makala haya yanafafanua uhusiano wa maswali hayo mawili kwa kupitia vipindi vitatu: uuzaji wa hisa wa mwaka 2002, urejeshaji wa mwaka 2006 na ufufuaji ulioanza mwaka 2016. Hoja inayojengwa ni kwamba vipindi hivyo vilitofautiana sana katika umiliki, lakini katika vyote safari za mikoani zilijadiliwa kama tokeo la umiliki badala ya kujadiliwa kama wajibu unaojitegemea. Waliotetea ubinafsishaji walidhani mbia mwenye mtaji angezipanua; waliotetea umiliki wa umma walidhani Serikali ingezilinda. Historia haijawathibitisha wa kwanza, na kwa wa pili imewathibitisha nusu tu.

Kwa nini njia ndogo hailipi

Kabla ya kuingia katika siasa ni vyema kueleza jinsi njia ya mkoani inavyofanya kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi imetokana na kutolieleza jambo hili. Ndege hutumia mafuta mengi zaidi inaporuka na kupanda angani kuliko inapokuwa imetulia katika kimo chake. Kila kutua kuna ushuru wake, kuna muda wa kupakia na kupakua, na kuna uchakavu wa magurudumu, breki na injini. Gharama hizo hazipungui kwa sababu abiria ni 22 badala ya 70. Njia yenye wasafiri wachache kwa siku huhitaji ndege ndogo, ambayo katika Tanzania kwa kawaida ni ya panga boi. Nayo ndege ndogo hugawa mishahara ya marubani, bima na matengenezo kwa viti vichache.

Hali ya kiwanja huongeza mzigo. Kiwanja kisicho na taa hupokea ndege mchana tu, hivyo ndege haiwezi kuanza alfajiri na kumaliza usiku kama inavyofanya kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Kiwanja kisichouza mafuta huilazimu ndege kubeba mafuta ya kurudia, na kila kilo ya mafuta ya kurudia ni kilo ya abiria au shehena inayoachwa. Njia ya kurukia iliyo fupi au ya changarawe huzuia jeti kabisa.

Njia za aina hiyo huendelea kuwapo kwa moja ya sababu tatu. Ya kwanza ni nauli ya juu inayolipwa na wachache wasio na budi, kama mtumishi wa Serikali aliye safarini kikazi, mfanyabiashara, au mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa. Ya pili ni ruzuku ya ndani, yaani faida ya njia nene kufidia hasara ya njia nyembamba katika shirika lilelile. Ya tatu ni ruzuku ya wazi kutoka hazina ya Serikali, inayotolewa kwa njia maalumu na kwa masharti yanayojulikana. Tanzania imetegemea zaidi mbili za mwanzo, na ruzuku ya ndani ndiyo iliyobeba sehemu kubwa bila kutajwa jina.

Udhaifu wa ruzuku ya ndani ni kwamba huhitaji njia nene zisizo na mshindani mkali. Mshindani akiingia katika njia ya Mwanza na Kilimanjaro pekee, nauli hushuka huko, faida hupungua, na athari hujitokeza mahali ambapo mshindani hajawahi kukanyaga. Abiria wa Mwanza anafurahia tiketi nafuu; wa Mpanda anatangaziwa kuwa ratiba imepunguzwa. Hakuna aliyefanya kosa katika mlolongo huo, na ndiyo maana siasa hupata shida kuushika.

Kutoka shirika la jumuiya hadi mbia wa kusini

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilisimama mwanzoni mwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya yenyewe ilivunjika. Shirika la Ndege la Tanzania (ATC) liliundwa Machi 1977. Katika nchi iliyokuwa ikitekeleza Azimio la Arusha, shirika hilo halikutazamiwa kuwa biashara tu. Boeing 737 zilifanya safari ndefu na za miji mikubwa, ilhali Fokker F27 na Twin Otter zilifika mikoani.

Umuhimu wa safari hizo haupaswi kupimwa kwa barabara za leo. Kigoma ilikuwa, na kwa wengi bado ni, mwisho wa reli ya kati, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Mtwara na Lindi zilitenganishwa na mji mkuu wa biashara na mto Rufiji, na safari ya barabara wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kwa mikoa kama hiyo, ndege ilikuwa sehemu ya maana ya kuwa ndani ya nchi moja.

Miaka ya 1980 na 1990 ilishuhudia uhaba wa fedha za kigeni, vipuri na ndege. Sera ya urekebishaji wa mashirika ya umma ilianza kutekelezwa chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa zoezi hilo lilishika kasi. Kulikuwa na jaribio la awali la ubia: Alliance Air, iliyounganisha Tanzania, Uganda na South African Airways (SAA), ambayo ilisitisha safari mwaka 2000 ikiwa na hasara. Kwamba mbia yuleyule alirudi miaka miwili baadaye kununua hisa ni jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka mno.

Desemba 2002 SAA ilichukua asilimia 49 ya kampuni mpya, Air Tanzania Company Limited (ATCL), kwa dola milioni 20 za Marekani. Nusu ya fedha hizo ilihesabiwa kuwa thamani ya hisa, na nusu nyingine mtaji na mafunzo kwa ajili ya mpango wa biashara. Serikali ilibaki na asilimia 51, ikikusudia kuuza sehemu ndogo baadaye kwa mwekezaji wa Kitanzania. Dar es Salaam ilitarajiwa kuwa kitovu cha SAA katika Afrika Mashariki.

Kiwango cha asilimia 49 kinahitaji ufafanuzi, kwa kuwa mara nyingi kimesomwa kama kipimo cha uzalendo. Mikataba ya usafiri wa anga baina ya nchi na nchi kwa kawaida hutaka shirika linaloteuliwa na nchi limilikiwe kwa sehemu kubwa na kudhibitiwa na raia au Serikali ya nchi hiyo. Shirika likivuka mpaka huo, nchi nyingine zinaweza kulikatalia haki ya kutua. Kwa hiyo asilimia 51 ililinda haki za safari za kimataifa. Haikuwa, na haikukusudiwa kuwa, kinga ya njia ya Tabora.

Kilichofuata kinaonyesha tofauti kati ya wingi wa hisa na udhibiti wa ratiba. Kampuni ilizinduliwa Machi 2003 ikiwa na safari za moja kwa moja kati ya Johannesburg na Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro. Ndege zake zilikuwa Boeing 737-200. Tiketi zilitolewa kwa namba ya SAA, 083, badala ya 197 ya Air Tanzania. Anayepanga ndege za aina gani ziwepo tayari amekwisha kupanga viwanja gani vitahudumiwa: kundi la jeti tupu ni uamuzi dhidi ya viwanja vya changarawe, hata kama hakuna kikao kilichowahi kupiga kura ya kuviacha. Mbia hakulazimika kuichukia Mpanda ili kuisahau. Mtandao wake ulikuwa na kitovu kimoja, nacho kilikuwa kusini.

Hasara zilianza mwaka wa kwanza, zikikaribia dola milioni 7.3. Mwaka 2006 Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilikatisha ubia na kurejesha hisa kwa dola milioni 1. Lugha ya kisiasa ya wakati huo ni ya kuzingatiwa. Mkataba wa kampuni ya maji ya Dar es Salaam ulikuwa umevunjwa mwaka 2005, na menejimenti ya NETGroup Solutions, pia ya Afrika Kusini, ilikuwa imemaliza muda wake TANESCO mwaka 2006. Ubinafsishaji wa huduma ulikuwa umeanza kuonekana kama uuzaji wa nchi, na neno "Makaburu" lilitumika mitaani kwa wawekezaji wa kusini bila kujali rangi wala historia yao. Katika hali hiyo kurudi kwa shirika mikononi mwa umma kulipokewa kama ushindi. Ni ushindi uliohusu hisa.

Waliohudumia mikoa walikuwa nani

Simulizi la kawaida, kwamba mtu binafsi hufuata faida na Serikali hufuata wananchi, linapata pingamizi gumu katika kipindi cha 2003 hadi 2015. Kampuni iliyofika Bukoba, Musoma, Shinyanga, Kigoma na Mtwara kwa ndege za ATR zilizofaa viwanja hivyo ilikuwa Precision Air, kampuni binafsi iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo Kenya Airways ilinunua asilimia 49 yake mwaka 2003. Hivyo katika miezi michache Nairobi na Johannesburg zilipata kiwango kilekile cha hisa katika anga ya Tanzania, kila moja kupitia kampuni yake. Tofauti haikuwa uraia wa mbia. Kenya Airways ilihitaji abiria wa kulisha safari za Nairobi, na ndege za ATR ziliweza kuwakusanya kutoka miji midogo.

ATCL, kwa upande wake, ilitoka katika ubia ikiwa dhaifu. Cheti chake cha uendeshaji kiliondolewa Desemba 2008 na kurejeshwa mwezi uliofuata. Airbus A320 iliyokodiwa katika kipindi hicho iliruka kwa miezi michache kabla ya kupelekwa Ufaransa kwa matengenezo, huku deni la ukodishaji likiendelea kukua. Ilikuwa, zaidi ya hayo, ndege ambayo viwanja vingi vya mikoa havikuweza kuipokea. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Mashirika ya Umma iliongozwa wakati huo na Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini. Kuna kejeli kidogo katika hilo: mwakilishi wa mkoa ulioathirika na njia nyembamba alikaa mbele ya vitabu vya shirika, lakini vitabu vilivyoletwa vilikuwa vya madeni na mikataba. Safu ya njia haikuwa lugha ya mjadala.

Tarehe 9 Aprili 2012 ndege ya ATCL aina ya Dash 8 ilipata ajali ilipokuwa ikiondoka Kigoma. Watu wote 39 walinusurika. Ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa chache mno zilizobaki, na kuipoteza kulitosha kulivuruga shirika zima. Mwaka huohuo, Novemba, Fastjet ilianza safari kwa jeti za Airbus A319 kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli za chini sana. Abiria wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao, na faida hiyo isidharauliwe. Lakini ushindani ulielekezwa katika njia zilezile ambazo faida yake iliwezesha Precision Air kuvumilia nyembamba. Fastjet ilikoma safari zake nchini mwishoni mwa mwaka 2018. Kudhoofika kwa ruzuku ya ndani hakukurejea na kuondoka kwake.

Ufufuaji na hesabu zake

Septemba 2016 Rais John Magufuli alizindua ndege mbili za Bombardier Q400, kila moja ikiwa na viti 76. Zilifuatiwa na ndege nyingine za aina hiyo, Boeing 787-8 mwaka 2018 na Airbus A220-300. Ununuzi ulifanywa na Serikali, na ndege zikakodishwa kwa ATCL kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Safari zilirejea Kigoma, Tabora, Mpanda, Songea, Mtwara, Iringa na Bukoba. Kwa kipimo cha ramani, ulikuwa ufufuaji wa kweli, na mchambuzi anayeukataa kwa sababu ya hasara peke yake anawakatalia wakazi wa mikoa hiyo ushahidi wa macho yao.

Upinzani ulijikita katika maeneo mawili. La kwanza lilikuwa fedha na sheria: Agosti 2017 Tundu Lissu alieleza hadharani kuwa ndege iliyokuwa ikisubiriwa ilizuiwa Kanada kutokana na deni la Serikali kwa mkandarasi, na mwaka 2019 A220 ilizuiwa kwa muda Johannesburg kwa dai jingine. La pili lilikuwa mgawanyo wa viwanja, hasa kiwanja cha Geita kilichojengwa Chato, wilaya alikozaliwa Rais. Waliokipinga walikiita upendeleo. Waliokitetea walisema kila mkoa una haki ya kiwanja. Pande zote mbili zilikosa kitu kimoja, kigezo kilichoandikwa cha kuamua ni njia gani inastahili kuhudumiwa kwa hasara na kwa kiwango gani. Pasipo kigezo, upendeleo na haki havitofautishiki, na Chato inaweza kuitwa kimojawapo kulingana na anayezungumza.

Mfano wa Shannon

Kenya hutajwa mara nyingi kama kioo cha Tanzania, kwa kuwa iliuza hisa mapema (KLM ilichukua asilimia 26 mwaka 1996) na miaka 23 baadaye Bunge lake likapitisha pendekezo la kutaifisha tena. Lakini kwa swali la njia, mfano ulio wazi zaidi unatoka mbali, Ireland, nchi ndogo ambayo nayo ilibishana kwa ukali kuhusu shirika lake la taifa.

Hisa za Aer Lingus ziliuzwa sokoni mwaka 2006, Serikali ikibaki na takribani robo. Agosti 2007 kampuni ilitangaza kuondoa safari za kutoka Shannon, magharibi mwa nchi, kwenda Heathrow, na kuzipeleka nafasi zake za kutua London kwa safari za Belfast. Viwanda vya magharibi vilivyotegemea kiungo hicho vilipinga, na waziri mmoja kutoka eneo hilo, Willie O'Dea, alitofautiana hadharani na msimamo wa wenzake. Serikali haikutumia hisa zake kuzuia uamuzi. Ilisema hilo ni suala la kibiashara la kampuni. Robo ya hisa, iliyobakizwa kwa maelezo kuwa ingelinda maslahi ya taifa, haikuilinda njia moja. Safari zilikoma mwanzoni mwa 2008, zikarejea mwaka uliofuata kwa sababu za kibiashara vilevile.

Somo lilionekana mwaka 2015, Serikali ilipouza sehemu iliyobaki kwa IAG. Safari hii masharti yaliandikwa: nafasi za Heathrow zisiuzwe bila ridhaa ya Serikali, na safari za kutoka Dublin, Cork na Shannon ziendelee kwa miaka saba. Ireland iliilinda Shannon vizuri zaidi ilipokuwa haina hisa ila ina mkataba, kuliko ilipokuwa na hisa bila mkataba.

Jambo la pili kutoka nchi hiyo linagusa zaidi hali ya Kigoma. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu nchi kutangaza njia fulani kuwa ya wajibu wa huduma kwa umma, kuweka idadi ya chini ya safari, na kuitangazia zabuni ya ruzuku. Njia ya Donegal kwenda Dublin iko katika utaratibu huo. Mwendeshaji wake alipofilisika Juni 2021, zabuni ilitangazwa upya na mwendeshaji mwingine akapatikana. Shirika lilikufa, njia ilibaki, kwa kuwa wajibu ulikuwa wa njia na si wa shirika. Kigoma ya mwaka 2012 haikuwa na kinga ya aina hiyo.

Pingamizi na kinachobaki

Pingamizi kubwa dhidi ya ruzuku ya wazi ni la haki ya kitabaka. Wakazi wengi wa Kigoma na Katavi husafiri kwa treni na basi. Kwa nini kodi yao imlipie kiti anayeweza kununua tiketi ya ndege? Pingamizi hilo ni zito, na huenda kwa baadhi ya njia jibu sahihi likawa kutotoa ruzuku. Lakini tayari kodi inalipa. Inalipa kupitia bei ya ndege, kupitia matengenezo ya viwanja na kupitia hasara inayofidiwa. Kinachokosekana ni nafasi ya mlipakodi kuona analipia nini.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2022/23 ilitaja hasara ya ATCL ya takribani shilingi bilioni 56.6. Katika kipindi hicho baadhi ya A220 zilisimama kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani, huku gharama zake zikiendelea. Katika tarakimu hiyohiyo zimo safari ya Mpanda, safari ya Mumbai na ndege iliyoegeshwa ikingoja injini. Mbunge wa Katavi anayetaka kuitetea njia yake hawezi kusema inagharimu kiasi gani kwa mwaka. Mbunge anayetaka ikatwe hawezi pia. Iwapo hasara ya njia hiyo ni shilingi bilioni moja, Bunge linaweza kuona ni bei ndogo kwa mkoa mzima. Iwapo ni kumi, linaweza kuamua fedha hizo ziende katika barabara ya Tabora. Na iwapo kampuni binafsi yenye ndege ya viti 19 ingeifanya kwa nusu ya gharama, hilo nalo lingejulikana siku zabuni zinapofunguliwa.